Mazoezi ya Pilates: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Misingi na Faida Zake

Pilates ni mazoezi ya aina gani?

Pilates ni mfumo wa mazoezi ya viungo unaolenga kuimarisha misuli ya kiwiliwili, yaani tumbo, mgongo, kiuno na nyonga, huku ukimzoeza mtu kuutawala mwili wake katika kila mwendo anaoufanya. Mazoezi hufanywa polepole na kwa marudio machache, mara nyingi kati ya matano na kumi kwa kila zoezi, na kinachotazamwa ni usahihi wa kila rudio. Mzigo unaoshindana na misuli kwa kawaida ni uzito wa mwili wenyewe, au mvuto wa springi pale mashine inapotumika. Anayetazama kwa mbali huweza kudhani kwamba hapana kazi inayofanyika, lakini akishuka mkekani na kuinua mguu mmoja bila kuruhusu kiuno kiyumbe hata kidogo, ataelewa mara moja kwa nini wanariadha wenye nguvu hutetemeka katika somo la kwanza.

Mfumo huu ulianzishwa na nani?

Mwanzilishi wake ni Joseph Hubertus Pilates, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Utotoni alisumbuliwa na pumu, matege na homa ya baridi yabisi, na alipokua alijitosa katika jimnastiki, ndondi na mazoezi ya kujenga mwili. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilimkuta Uingereza, naye kwa kuwa alikuwa Mjerumani akazuiliwa kambini, ikiwa ni pamoja na katika kisiwa cha Man. Kuna masimulizi mashuhuri kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Masimulizi hayo yamerembwa mno na wapenzi wa mfumo huu, ingawa ni kweli kwamba mashine alizozibuni baadaye zinafanana sana na vitanda.

Mnamo miaka ya 1920 alihamia Marekani, na pamoja na mwenzi wake Clara akafungua studio katika mtaa wa Eighth Avenue jijini New York. Wacheza dansi walikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo, na wasanii wakubwa wa dansi kama George Balanchine na Martha Graham walihusiana na studio hiyo. Yeye mwenyewe aliuita mfumo wake Contrology. Jina la Pilates lilienea kupitia wanafunzi wake. Kitabu chake cha mwaka 1945 kina mazoezi 34 ya mkekani, na hadi leo orodha hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kile kinachoitwa Pilates ya asili. Alifariki mwaka 1967.

Jambo moja la kisheria lina uzito kwa mwanafunzi wa leo. Mwaka 2000, mahakama ya shirikisho jijini New York iliamua kwamba neno Pilates ni jina la jumla la aina ya mazoezi, wala si alama ya biashara ya mtu mmoja. Matokeo yake ni kwamba shule za mafunzo ni nyingi, mitindo imetofautiana, na neno hilo likibandikwa mlangoni halithibitishi kiwango cha elimu ya anayefundisha ndani.

Walimu husema “kaza kitovu chako cha nguvu.” Wana maana gani?

Wanazungumzia kundi la misuli inayokizunguka kiwiliwili kutoka pande zote. Juu kuna kiwambo, msuli mkuu wa kupumua. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, inayobeba kibofu, utumbo na, kwa mwanamke, mji wa mimba. Mbele na ubavuni kuna msuli wa ndani kabisa wa tumbo, unaokizunguka kiuno kama mkanda. Na nyuma kuna misuli midogo inayounganisha pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine. Misuli hii ikifanya kazi kwa pamoja, mgongo hupata mhimili imara ambao mikono na miguu inaweza kuutegemea.

Kosa la kawaida ni kukaza kwa nguvu zote. Mwanafunzi huvuta tumbo hadi mbavu zinaganda, pumzi inakatika na mabega yanapanda masikioni. Kinachotakiwa ni mkazo wa wastani unaolingana na uzito wa kazi iliyopo: kuinua kisigino hakuhitaji mkazo sawa na kuinua miguu yote miwili. Kipimo rahisi ni kuzungumza. Ikiwa huwezi kutamka sentensi nzima ukiwa umekaza, umezidisha.

Je, ni kweli kwamba Pilates hutibu maumivu ya mgongo?

Hili ndilo swali lililofanyiwa utafiti zaidi, na jibu lake linahitaji uangalifu. Mwaka 2015, mtandao wa Cochrane, unaochambua ushahidi wa kitabibu, ulichapisha mapitio ya tafiti 10 zilizohusisha washiriki 510 wenye maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo yasiyo na chanzo mahususi. Waliofanya Pilates walipata nafuu ya maumivu na ya uwezo wa kutenda kuliko waliopewa huduma ndogo tu, ingawa ubora wa ushahidi wenyewe ulikuwa kati ya chini na wastani. Ilipolinganishwa na aina nyingine za mazoezi, haikuthibitika kwamba Pilates inazishinda.

Kwa maoni yangu, matokeo hayo ni habari njema kwa yeyote anayeyasoma bila ushabiki. Yanaonyesha kwamba mtu mwenye mgongo unaouma anaweza kuchagua Pilates kwa imani, hasa ikiwa ni zoezi analolipenda na atakaloweza kulifanya kwa miezi mingi, kwa sababu zoezi linalosaidia ni lile linaloendelea kufanywa. Yanaonyesha vilevile kwamba hakuna sababu ya kumkatisha tamaa anayepata nafuu kwa kutembea, kuogelea au kuinua vyuma. Neno “kutibu” ni zito mno. “Kupunguza maumivu na kurudisha uwezo” ndiyo kauli inayostahili.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi katika eneo la siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, udhaifu wa mguu unaozidi, homa, kupungua uzito bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, hayasubiri somo la Pilates. Hayo ni ya kumwona daktari haraka, na ganzi ya eneo la siri pamoja na tatizo la choo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kuna faida gani nyingine?

Nguvu na ustahimilivu wa misuli ya tumbo, mgongo na nyonga huongezeka, hasa kwa mtu aliyekuwa hafanyi mazoezi kabisa. Mwili hupata wepesi wa kujipinda na kujinyoosha, kwa kuwa mazoezi mengi huvuta misuli ya nyuma ya mapaja, ya nyonga na ya kifua wakati inapofanya kazi, si ikiwa imelegea.

Kwa watu wenye umri mkubwa, faida ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote ni uwezo wa kusimama bila kuyumba. Kuanguka ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha na za kupoteza uhuru wa kujitegemea uzeeni, na mazoezi yanayofundisha kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kuhisi mahali miguu ilipo na kuimarisha nyonga yanalenga tatizo hilo moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi mchanganyiko yanayokazia usawa wa mwili na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Hata hivyo, mzee anayetafuta faida hii asifanye kila kitu akiwa amelala, kwani usawa wa kusimama hujengwa kwa kusimama.

Kuhusu mkao, Pilates humfanya mtu atambue namna anavyokaa na kusimama, na wengi huhisi wamerefuka baada ya somo. Lakini hakuna mkao mmoja mkamilifu unaomkinga kila mtu na maumivu. Mgongo hupenda kubadilishiwa mkao mara kwa mara kuliko kunyooshwa wima siku nzima.

Je, nitapungua uzito au kupata tumbo bapa?

Pilates peke yake haichomi nishati nyingi, hasa ya mkekani katika ngazi ya mwanzo, hivyo kuitegemea kama njia kuu ya kupunguza uzito ni kujitafutia masikitiko. Pia hakuna zoezi linaloondoa mafuta katika sehemu moja tu ya mwili uliyoichagua. Misuli ya tumbo inaweza kuimarika sana chini ya tabaka la mafuta ambalo halijabadilika. Uzito hutegemea zaidi chakula na jumla ya shughuli za siku nzima.

Inatosha kuwa zoezi langu pekee?

Kwa watu wengi, haitoshi. Mwongozo huohuo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani ya moyo na mapafu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Pilates inaweza kuchangia sehemu ya pili. Ya kwanza inahitaji kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli, kucheza ngoma au kitu kingine kinachoufanya moyo upige haraka. Ni vyema pia kuongeza mizigo mizito kiasi kwa ajili ya mifupa, kwa kuwa mifupa huimarika inapobebeshwa uzito, na sehemu kubwa ya Pilates ya mkekani hufanywa mtu akiwa amelala.

Pilates inatofautianaje na yoga?

Yoga ina asili ya kale nchini India na kwa wengi ina upande wa kutafakari na wa kiroho. Pilates ni mfumo wa karne ya 20 unaokazia zaidi mwendo wa mwili na namna ya kuutawala. Katika yoga mara nyingi mtu huingia katika mkao na kukaa humo, ilhali katika Pilates kiungo huendelea kusogea huku kiwiliwili kikitulia.

Nianze na mkeka au mashine?

Mkeka ni nafuu na unatosha kabisa kwa kujifunza misingi. Chagua ulio mnene, milimita 10 hivi au zaidi, kwa sababu kuna mazoezi ya kuviringika juu ya uti wa mgongo na mkeka mwembamba huziumiza pingili.

Mashine maarufu zaidi ni rifoma, yaani fremu yenye jukwaa linaloteleza juu ya reli huku likizuiwa na springi ambazo idadi yake hubadilishwa. Watu wengi hudhani mashine ni hatua ya juu inayokuja baada ya mkeka, lakini mara nyingi mambo huwa kinyume. Springi humsaidia asiye na nguvu kwa kubeba sehemu ya uzito wa mguu au mkono, jambo ambalo mkeka hauwezi. Ndiyo sababu aliyetoka kwenye jeraha huweza kuona rifoma ni rahisi kuliko sakafu. Vilevile, kupunguza springi hakumaanishi kurahisisha zoezi: katika mazoezi yanayotegemea utulivu, springi nyepesi huliacha jukwaa likiyumba na kazi ya kiwiliwili huongezeka.

Kwa nini pumzi inasisitizwa kiasi hiki?

Kwanza, kwa sababu anayeanza huzuia pumzi kila zoezi linapokuwa gumu, na kuzuia pumzi huku ukijikaza hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Pili, kwa sababu kutoa pumzi huisaidia misuli ya ndani ya tumbo kujikaza. Kanuni ya jumla ni kuvuta pumzi puani wakati wa kujiandaa, ukihisi mbavu zinapanuka ubavuni na mgongoni, kisha kuitoa wakati wa sehemu ngumu ya mwendo.

Zoezi mashuhuri liitwalo Mia limejengwa juu ya pumzi tupu: mtu hulala chali, huinua kichwa na miguu, kisha hupigapiga mikono juu na chini akivuta pumzi kwa hesabu ya 5 na kuitoa kwa hesabu ya 5, mara 10, hadi kufikia 100. Katika mpangilio wa asili zoezi hili hutangulia yote, lakini naona si haki kumkabidhi mgeni katika umbo lake kamili. Kichwa kikiwa chini na miguu imekunjwa ikikanyaga sakafu, bado linafundisha kile kinachokusudiwa.

Sijawahi kufanya mazoezi haya. Niyaanze vipi nyumbani?

Lala chali, kunja magoti, weka nyayo sakafuni kwa upana wa nyonga. Kabla ya lolote, inamisha nyonga polepole ili kiuno kiguse mkeka, kisha iinamishe upande wa pili ili kiuno kipinde kama daraja dogo, na urudie mara kadhaa hadi upate mahali pa katikati ambapo hapana kulazimisha. Mahali hapo ndipo utakaporejea katika mazoezi yanayofuata, na muda unaoutumia kupatafuta haupotei bure.

Ukiwa hapo, toa pumzi na uinue mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa, hadi paja lisimame wima. Vuta pumzi, kisha uushushe ukitoa pumzi na kuhakikisha kwamba nyonga haikuyumba wala kiuno hakikuinuka. Badilisha mguu. Ukiweza mara 8 kila upande bila kutikisika, jaribu kuinua wa pili ukiwa bado umeshikilia wa kwanza juu, kisha ushushe mmoja mmoja. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba tumbo lao linafura kwenda juu, ishara ya kwamba kazi imeuzidi uwezo. Rudi nyuma hatua moja bila aibu.

Baada ya hapo fanya daraja: kandamiza nyayo, inua nyonga hadi mabega, nyonga na magoti viwe katika mstari mmoja, kisha shusha mgongo pingili baada ya pingili kuanzia kifuani. Ukihisi misuli ya nyuma ya paja inataka kukakamaa, sogeza visigino karibu na makalio. Malizia kwa mikono na magoti sakafuni, ukinyoosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande wa pili nyuma, mgongo ukitulia kana kwamba hujui kinachoendelea. Mazoezi haya machache, yakifanywa vizuri kwa dakika 20, yana faida kuliko kukimbilia mazoezi yote 34 kwa fujo.

Nifanye mara ngapi, na nitaona mabadiliko lini?

Mara mbili au tatu kwa wiki zinafaa watu wengi. Dakika 15 za mara kwa mara ni bora kuliko saa moja inayokuja mara moja baada ya wiki mbili. Kwanza hubadilika utambuzi: utajikuta unahisi misuli ambayo hukuijua. Nguvu inayoonekana katika kazi za kila siku huchukua wiki kadhaa. Uchovu wa misuli unaofikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya mazoezi ni wa kawaida. Maumivu makali yanayochoma, yanayoshuka mguuni au yanayoingia ndani ya kiungo si ya kawaida.

Shingo yangu huuma kila ninapoinua kichwa. Nifanyeje?

Mara nyingi kichwa kinainuliwa kwa misuli ya shingo peke yake badala ya sehemu ya juu ya mgongo kukunjamana. Weka mikono nyuma ya kichwa ukibeba uzito wake, inamisha kidevu kidogo bila kukibana kifuani, na ufikirie kuzishusha mbavu kuelekea nyonga. Ikiwa shingo bado inachoka kabla ya tumbo, laza kichwa juu ya mto mdogo na uendelee. Tumbo litaendelea kufanya kazi kupitia miguu, na hakuna faida ya afya inayopotea.

Ni nani anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi?

Mwenye mifupa iliyopungua uimara, hasa aliyewahi kuvunjika pingili, anapaswa kuepuka mazoezi ya kuukunja mgongo mbele kwa nguvu, kujipinda kwa kasi na kuviringika, kwa kuwa shinikizo hilo huweza kuzivunja pingili kwa mbele. Mazoezi mengi ya asili ni ya namna hiyo, hivyo amweleze mwalimu hali yake kabla ya somo. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya nyuma ya mgongo ndiyo yanayomfaa.

Mjamzito ambaye mimba yake haina matatizo kwa kawaida anaweza kuendelea kwa idhini ya mkunga au daktari wake, lakini baada ya miezi mitatu ya kwanza asilale chali kwa muda mrefu, kwani mji wa mimba huweza kuukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kulala kifudifudi nako huachwa, na kazi ngumu ya tumbo hupunguzwa. Baada ya kujifungua, arudi taratibu baada ya kuchunguzwa, na aliyejifungua kwa upasuaji huhitaji subira zaidi. Akiona tumbo linachomoza katikati kama kigongo anapojiinua, hiyo ni dalili kwamba misuli bado imeachana, na mazoezi ya kuinua kichwa na miguu pamoja yasubiri. Anayevujwa na mkojo anapokohoa amwone mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu mazoezi mahususi ya sakafu ya nyonga ndiyo yanayotangulia, na somo la jumla la Pilates haliwezi kuchukua nafasi ya mazoezi hayo.

Wenye glakoma waepuke mikao inayoweka kichwa chini ya moyo, kwani hupandisha shinikizo la jicho. Wenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo au waliofanyiwa upasuaji karibuni wapate kwanza ushauri wa daktari. Kwa kila mtu, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kuacha papo hapo.

Nitamtambuaje mwalimu anayefaa?

Muulize alisomea wapi, kwa muda gani, na kama mafunzo yake yalihusisha mkeka tu au na mashine. Kisha tazama kama anauliza kuhusu majeraha na dawa zako kabla ya kuanza, na kama anao mbadala wa kila zoezi kwa asiyeweza. Mwalimu anayeliacha darasa likimwiga huku akifanya mazoezi yake mwenyewe mwanzo hadi mwisho hawezi kuona makosa yako, na katika Pilates kuonwa na kusahihishwa ndiyo sehemu kubwa ya unacholipia. Mwogope zaidi anayeahidi kuponya ugonjwa au anayekutaka uache dawa.

Kwa anayejifunza kwa video, hasara ndiyo hiyohiyo: hakuna anayekuona. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kujirekodi kwa simu kutoka ubavuni na kulinganisha, ukitazama hasa kiuno, mbavu na shingo. Na ikiwezekana, kuhudhuria masomo machache ya ana kwa ana mwanzoni, kabla makosa hayajawa mazoea.